Kaburi la Idris Pritchard

Neema, wewe na wenzako hapo ofisini mlinitaka niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nikakataa mara mbili, maana niliona mnataka kunipa kazi ya kunizugazuga kama mtoto anayepewa ufagio mdogo. Sasa huu mwezi wa tatu sina pa kwenda asubuhi. Wajukuu wananisemesha Kizulu, nikiwajibu Kiswahili wanacheka, halafu wanarudi kwenye simu zao. Basi nimekaa mezani naandika. Habari za mshahara na vyeo msizitafute humu. Cheo nilipata kimoja, nacho kilikuja na kiti kinacholia kila ukijigeuza, na mkiangalia vizuri mtakiona bado kipo karibu na dirisha.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta wafu wa mtu. Nilikuja kufagia. Tulikuwa tunakaa Hillbrow, hapa hapa Johannesburg, ghorofa ya tisa, mume wangu akiuza vitambaa, na lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Mwanamke mmoja wa Zanzibar aliyekuwa akisafisha maofisi kule Randburg alijifungua, akaniomba nimshikie nafasi yake miezi miwili. Hakurudi tena, akaenda kufungua duka la mitandio, na mimi nikabaki na funguo zake.

Mwenye ofisi alikuwa Tannie Elsabe. Hilo Tannie ndilo Makaburu wanalomwitia mama mtu mzima, kama sisi tunavyosema shangazi, na ole wako umwite Elsabe mtupu. Kazi yake, kwa atakayesoma haya bila kuijua, ni hii: mtu anakuja na jina la babu yake, na wewe unamtafuta huyo babu katika makaratasi. Unapekua orodha za meli, madaftari ya ubatizo, vitabu vya makaburi, mafaili ya mirathi. Johannesburg haina mtu asiye na kwao kwingine. Dhahabu ilipoonekana watu walimiminika kutoka kila upande, wengine wakafa kabla hawajaandika barua ya pili nyumbani, na leo vitukuu vyao wanauliza.

Wiki ya pili alinikuta nimesimama na kitambaa cha vumbi mkononi, nasoma karatasi iliyokuwa juu ya meza yake. Nikajua kazi imeota mbawa.

"Umesoma nini?" akaniuliza.

"Nimesoma kwamba huyu bwana alikufa, hakuwa na mke."

"Nani kasema?"

Nikamtazama. Karatasi imesema, nani mwingine? Akaja, akaweka kidole chini kabisa, penye sahihi. "Huyu hapa ndiye kasema. Ndugu yake. Marehemu hajazi fomu, Mwanaidi. Anzia chini. Ukishamjua aliyesema, ndipo upande juu uone amesema nini."

Shule yangu ya kazi hii ilianza na kidole kile, na sina cheti kingine. Kuanzia siku hiyo alinipa nusu saa ya makaratasi kila nikimaliza kufagia, halafu saa nzima, halafu akatafuta mfagiaji mwingine. Alikuwa mkali. Alinifundisha kushika penseli tu, kalamu ya wino haivuki mlango wa chumba cha madaftari. Alinifundisha kunawa mikono na kuikausha, na kuweka rula ya mbao chini ya mstari ninaousoma, kisha kuishusha mstari mmoja mmoja, maana jicho la binadamu ni vivu, linapenda kuruka. Nyinyi mna picha kwenye kompyuta, mnakuza kwa vidole viwili. Vizuri, macho yenu yatadumu. Lakini naona mnavyoandika jina kwenye kisanduku, mnabonyeza, na mashine ikileta mtu mmoja mnashangilia kama mmefunga goli. Nitalirudia jambo hilo, tena kwa aibu yangu mwenyewe.

Katika wote waliotutoa jasho, Wawelshi waliongoza. Wales ni nchi ndogo pembeni ya Uingereza, ya milima na machimbo, na watu wake walikuja huku kwa sababu walishazoea kufanya kazi chini ya ardhi. Walikuja na nyimbo zao na kanisa lao, na majina yao machache mno. Ukifungua daftari unakuta akina Jones wamejipanga, akina Davies wamejipanga, na nusu ya wanaume ni John. Tannie Elsabe akiletewa familia ya Wales alikuwa anashika kichwa. Mimi sikuwaogopa. Mtaani kwetu Tanga tulikuwa na Bakari watano, ndiyo maana kulikuwa na Bakari Mkate na Bakari Baiskeli, na hakuna aliyepotea. Nikagundua Wawelshi nao walifanya vivyo hivyo, wakamwita mtu kwa kazi yake au kwa nyumba aliyotoka. Tannie akaniachia Wawelshi wote. Nikajifunza maneno manne ya Kiwelshi, alizaliwa, alikufa, mwana, binti, nikawa nafungua madaftari yao ya kanisa bila kumwomba mtu msaada. Nakiri nilivimba kichwa.

Tannie alipozeeka alihamia pwani kwa binti yake. Siku ya mwisho alinipa ile rula yake, akasema, "Usiisahau nyumbani." Nami nililia chooni ili nisimwaibishe.

Miaka ikapita, wewe Neema ukaja kutoka Bukavu na Kiswahili chako kile cha kunichekesha, na mwaka mmoja baada ya wewe kuja ndipo akaingia Anti Dorothy.

Ulikuwapo siku hiyo, lakini wenzako hawakumwona. Mama wa miaka themanini na ushee, mwembamba, kofia ya sufu, viatu vimepakwa rangi vikang'aa. Alikuwa wa wale wanaoitwa hapa makaladi, watu wa damu mchanganyiko, na alitoka La Rochelle, mtaa wa hapa hapa jijini, alikopanga chumba uani kwa mpwa wake. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni bila kuegemea.

"Binti yangu," akaniambia, na mimi nilishakuwa bibi wakati huo, "nataka kuzikwa na baba yangu. Nisaidie kabla sijachelewa."

Akaeleza. Mama yake, Sophia, alikuwa mtumishi wa nyumba kwa Mwelshi mmoja, mchimbaji, jina lake Idris Pritchard. Sheria za wakati ule hazikumruhusu mzungu na mtu wa rangi nyingine kuoana wala kulala nyumba moja kama mke na mume, kwa hiyo mbele za watu Sophia alikuwa mtumishi, na Dorothy alikuwa mtoto wa mtumishi. Baba alikuwa akikohoa. Alilala ameketi kwenye kiti cha mbao jikoni kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Dorothy alikumbuka mkono wake kichwani, na wimbo mmoja asiojua maneno yake. Baba akafa, yeye na mama yake wakafukuzwa ile nyumba. Ila Jumapili nyingine mama alimchukua hadi makaburini, wakasimama mbele ya jiwe la akina Pritchard. Sophia hakujua kusoma, lakini alikuwa ameuliza mtu lile jina likoje, akaweka kidole juu yake. Baba yako yuko hapa.

"Daktari amenipa habari zangu," Anti Dorothy akasema. "Na yale makaburi nimeuliza, yamejaa, hazikwi mtu isipokuwa ana ndugu yake mle na kiwanja chao kina nafasi. Kiwanja cha akina Pritchard kina nafasi. Wanataka karatasi tu. Wanataka kuona mimi ni wa Idris."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Wawelshi ni watu wangu. Haki ya Mungu nilisema hivyo hivyo.

Nilifanya kazi ile kwa wiki mbili na ilikwenda kama siagi. Orodha ya meli ikaniletea Thomas Pritchard aliyetangulia, na baadaye mkewe Margaret akimfuata na mtoto mchanga. Kanisa lao likaniletea binti aliyezaliwa huku, Ann. Kisha nikaenda ofisi ya makaburi, nikafungua daftari la maziko la miaka yao ya mwanzo, nikashusha rula. Idris Pritchard, mwana wa Thomas na Margaret. Homa ya matumbo. Umri, miaka miwili.

Nikaenda kwenye jiwe lenyewe. Kuvu ya kijani imelikula, nikalipangusa kwa maji na brashi laini. Majina matatu: Thomas, Margaret, na katikati yao Idris, mwana wao mpenzi, miaka miwili. Nikapiga picha.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kuwa baba wa mtu. Nikafunga daftari, nikaandika ripoti ukurasa mmoja, tena nzuri, ya kujivunia, kila kitu na chanzo chake. Kwa kuwa lilikuwa jambo zito nikaipeleka mwenyewe La Rochelle. Anti Dorothy alikuwa ameweka kitambaa cheupe mezani, chai, na biskuti kwenye sahani. Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo, Anti. Pole sana."

"Basi mama alinidanganya."

Akairudisha picha mezani.

"Alichagua jiwe la mzungu yeyote akaweka kidole. Na mimi nikasimama pale na gauni langu la Jumapili." Akavua miwani. "Kula biskuti, binti yangu. Umetoka mbali."

Nikala. Biskuti ya yule mama niliila, nikanywa na chai, nikaaga. Sijawahi kuwaambia hilo.

Mwaka ukapita na miezi. Mimi nikaanza kuhesabu siku zangu za kustaafu. Basi unakumbuka, Neema, ile asubuhi ulipokuwa unapanga sherehe ya kuniaga na ukitaka kujua siku yangu ya kuzaliwa, mkaniletea chai, ukaniuliza?

"Mama Mwanaidi, jina yako maana yake ulizaliwa siku ya Idi, si ndiyo?"

Watu wameniuliza hivyo maisha yangu yote, na kwa uvivu huwa najibu ndiyo. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikasema kweli. Nikasema hapana, mimi nilizaliwa siku ya kawaida kabisa, mvua inanyesha. Aliyezaliwa Idi ni dada yangu. Alikufa akiwa ndiyo kwanza anatambaa, mimi nikaja baada yake, mama akanipa jina lake. Bibi yangu hakuweza kulitamka. Mpaka anaingia kaburini aliniita Somo, kwa kuwa nilikuwa somo wa marehemu, mwenye jina lake.

Nawe ukacheka kidogo ukasema, "Kumbe muko babili!"

Wawili. Nikaweka kikombe chini. Mliniuliza kama naumwa. Nilikuwa naumwa. Mganga hajigangi, jamani. Mimi, Mwanaidi wa pili, niliyevaa jina la maiti miaka sitini na kitu, nililiona jina la mtoto kwenye jiwe nikafunga kitabu. Sikuuliza kama mama yake alizaa tena. Sikuuliza kama alilia akalitaka jina lile lirudi nyumbani kwake. Kumbe Wawelshi wale walikuwa na desturi hiyo kama mama yangu, na ningejua kama ningesoma daftari la ubatizo mpaka mwisho badala ya kuishia kwa Ann. Nilikuwa na maneno yao manne kinywani, nikaona yametosha.

Nilikwenda makaburini saa ileile. Karani wa pale ananijua, akaniletea daftari la miaka ya mbele, mbele sana, ambalo sikuwahi kuliomba. Nilishusha rula mstari kwa mstari, kurasa na kurasa, shingo imekakamaa, na sikuthubutu kuruka hata mmoja. Ulikuwa umebaki muda mdogo wafunge nilipomwona. Idris Pritchard, kiwanja kilekile. Umri, miaka arobaini na tisa. Kazi, mchimbaji. Sababu, mapafu, lile vumbi la mgodini. Anwani, mtaa wa La Rochelle, hatua chache kutoka chumba cha Anti Dorothy, kumbe mama wa watu alirudi kuzeekea karibu na ile nyumba.

Alizikwa mle, na hakuna aliyechonga jina lake. Wazazi walishakufa. Aliyekuwa na haki ya kugusa jiwe ni dada yake Ann, naye nilimkuta kwenye faili la mirathi, amejaza fomu kwa mwandiko wa shule. Kaka yake hakuoa. Watoto: hakuna. Nikaanzia chini kama nilivyofundishwa: Ann alisaini akiwa mji mwingine wa mbali, na penye swali kama alikuwapo wakati wa kufa aliandika hapana. Nikatafuta basi karatasi ya kwanza, ile ya kutoa habari ya kifo asubuhi yake. Aliyesema: Sophia Jantjies. Uhusiano: mtumishi. Alikuwapo wakati wa kufa: ndiyo. Na penye sahihi pana alama ya msalaba, imekandamizwa mpaka karatasi imetaka kutoboka.

Sophia aliweka kidole kwenye jina la Idris kwa sababu ndilo Idris pekee lililokuwa kwenye jiwe. Hakumdanganya mtoto wake hata kidogo.

Kesho yake nilikwenda La Rochelle. Nilisimama kwenye robot, ndivyo hapa wanavyoita taa za barabarani, pale kona, taa ikageuka kijani mara tatu, sivuki. Mpwa wake akanifungulia. Anti Dorothy alikuwa kitandani sasa, amebaki macho tu, nywele zimesukwa vizuri. Nikakaa kwenye kigoda.

"Anti, nilikosea. Mama yako alisema kweli. Idris walikuwa wawili, wa kwanza akafa mtoto, wa pili akapewa jina lake. Wa pili ndiye baba yako. Yumo mle mle kaburini."

Nikampa nakala za karatasi, akazishika bila kuzitazama.

"Ulipokuja mara ya kwanza," akasema, "yule mtoto ulimkuta kwenye kitabu."

"Ndiyo."

"Ulifungua ukurasa mwingine?"

"Sikufungua, Anti."

"Kwa nini?"

"Nilidhani nimeshapata."

Akageukia ukutani. "Eish," akasema polepole. "Mwaka mzima sijaenda kwa mama. Nilikuwa naenda kila mwezi na maua, tangu amekufa. Nikaacha. Nilisema siendi kwa mwongo." Kisha akasema, "Toka."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za uani siwezi kuondoka, mpwa wake akaniletea maji, nikashindwa kuyanywa. Niliona aibu ambayo sijaiona kabla wala baada. Mtu akikosea hesabu, hesabu inarekebishwa. Mimi nilimtenga mtoto na mama yake, mmoja yuko kaburini na mwingine anakwenda huko, na nilifanya hivyo kwa ripoti nzuri yenye vyanzo. Majuto ni mjukuu, na wangu alinikuta pale ngazini. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, mpwa akatoka tena. "Anasema uingie. Anasema una gari?"

Gari sikuwa nalo, na ndiyo maana nilikupigia wewe, Neema, ukaacha kazi ukaja. Mama yake Dorothy hakuzikwa kule kwa akina Pritchard. Alizikwa upande wa magharibi, kwenye makaburi waliyotengewa watu wake enzi zile. Tulimshusha kwenye kiti cha magurudumu, tukamsukuma hadi jiwe dogo la saruji. Alituomba tusogee. Alizungumza na mama yake Kiafrikana, muda mrefu, mkono wake juu ya saruji. Wewe ulikuwa unalia waziwazi. Mimi nilisimama na mkoba wake na sikusikiliza, kwa sababu hayakuwa yangu.

Ndani ya gari akaniambia, "Sasa zile karatasi zako zinatosha? Nikizipeleka makaburini kwa baba, watanikubali?"

Nikamwambia ile sahihi ya mama yake, na cheti cha ubatizo wake yeye Dorothy chenye anwani ya nyumba ileile ya Idris, na kiapo chake mwenyewe, vinatosha. Nilikuwa nimeshamwuliza karani.

"Vizuri," akasema. "Lakini mimi nizikeni hapa. Baba ana watu wake pale, ana mama yake, ana kaka yake. Huyu wangu yuko peke yake, na nimeshamwacha mwaka mzima." Akafunga macho, nikadhani amelala. "Baba mwandikieni jina. Hilo linatosha."

Kwa kweli sikulitegemea. Alikuja kwangu akitaka kitu kimoja tu, nikampokonya, na nilipokirudisha mikononi mwake alikuwa hakihitaji tena kwa namna ileile. Nimelifikiria sana na bado sijui kama ningekuwa mwangalifu mara ya kwanza angechagua nini. Pengine angelala kwa baba yake na kufurahi. Sina haki ya kujisafisha kwa kusema yote yalikwenda heri.

Kugusa jiwe kunahitaji ndugu aombe. Tulimletea fomu kitandani. Penye maneno "uhusiano na marehemu" alitaka aandike mwenyewe, mpwa wake asimsaidie. Alikuwa na penseli, ofisi wanataka wino, nikampa kalamu yangu. Aliandika neno moja, binti. Ilimchukua muda, akapumzika katikati ya herufi, akaendelea. Karani alipoipokea aliisoma, akagonga muhuri, akasema sawa. Nikarudi kumwambia, akataka nimweleze muhuri ulikuwa wa rangi gani.

Wa bluu, nikamwambia.

Aliishi wiki tano baada ya hapo. Tukamzika na mama yake.

Ndiyo kazi, wanangu. Hiyo rula nimeiacha kwenye droo ya meza yangu, si kwa ajili ya ukumbusho, mnaweza kuitumia. Mkipata jina mnalolitafuta, msisimame. Muulizeni aliyesema, kisha endeleeni kusoma, kwa maana jina la mtu si ushahidi kwamba ni yeye. Mimi ni shahidi wa hilo na nilisahau.

Jiwe lilichongwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Fundi alikuwa mzee mmoja wa Lubumbashi, Papa kama Wakongo wanavyosema, mtaratibu, amekuja na patasi zake zimefungwa kwenye gunia. Nilimpa karatasi yenye maneno aliyoyataka Anti Dorothy. Akaisoma, akatazama jiwe, akaisoma tena, akapiga magoti akaweka kidole juu ya jina la yule mtoto.

"Mama, hii jina iko tayari. Idris. Minaandika tena Idris chini yake? Batu watasema fundi alikosea."

"Hujakosea, Papa. Ni wawili. Huyu alikufa mdogo, na huyu akaishi na jina lake."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Chonga."

Akachonga. Nilisimama pale mpaka akamaliza mstari wote, Idris, baba wa Dorothy, na alipopuliza vumbi likatoka kwenye herufi ya mwisho, niliweka kidole changu juu ya lile jina Idris la pili, mahali palepale ambapo Sophia angekiweka.